Kiti cha Nyegere

Swali lilikuwa limetumwa asubuhi, na adhuhuri ilipofika Sindano alikuwa ameshapaka wanja.

Mama yake alimwona akipita kati ya mashine za kushonea, akaondoa mguu kwenye kanyagio. Alikuwa anashona kifuniko cha kiti cha basi dogo, na ile plastiki nyeusi ilikuwa imemjaa mapajani mpaka ikagusa sakafu.

"Wanja wa nini, mwanangu? Umekuja kushona au unaolewa?"

"Nimeamua kupendeza tu, mama. Kuna kosa?"

"Kosa hakuna. Ila uso huo naujua. Mara ya mwisho kuja nao hapa, yule mteja wa pikipiki aliondoka bila kuaga."

Sindano akacheka, akainama kutafuta mkasi. Hakumwambia mama yake kwamba leo kuna mtu angekuja, na kwamba mtu huyo angekuja kwa sababu alikuwa ametegwa.

Mtaani wote walimwita Sindano, kwa wembamba wake na zaidi kwa ulimi wake. Lakini kulikuwa na mahali pengine, mtandaoni, ambako jina hilo halikujulikana. Huko walikusanyika watu wa nchi mbalimbali wenye wazimu mmoja, wa kubuni magari ya kasi ambayo hayapo duniani. Mtu alianzisha kiwanda chake cha kufikirika, akakipa nembo na historia, akachora gari kwenye programu kuanzia injini mpaka vishikio vya milango, kisha akalileta mashindanoni. Jaji alilifungua, akaliendesha kwenye barabara ya kompyuta, akaandika alichokiona. Hapakuwa na jaji wa kudumu. Aliyeshinda duru moja ndiye aliyehukumu duru inayofuata, na duru hii, iliyokuwa kubwa kuliko zote za mwaka, jaji alikuwa mtu aitwaye Kobe. Wengi walimdhania kuwa mzee fulani mwenye kipara na miwani. Kobe alikuwa Sindano, na saa hiyo alikuwa amepata mkasi wake na anakata ngozi.

Huko huko mtandaoni, kabla hajawa Kobe, ndiko alikompata Mabawa. Kijana huyo alikuwa muuzaji katika duka la magari, maneno matamu, shati limenyooka, na jina hilo alipewa na wenzake kwa kuwa hakuweza kuchora gari lisilo na bawa kubwa mgongoni, hata liwe la kubebea viazi. Walibishana kuhusu breki, wakataniana, wakagundua wanaishi mji mmoja. Walipokutana ana kwa ana ubishi uliisha na mambo mengine yakaanza. Wakaunganisha viwanda vyao vya hewani, wakakiita kiwanda kipya Wawili. Gari la kwanza la Wawili liliitwa Nyegere, dogo, jepesi, na lenye kichwa kigumu kama mnyama mwenyewe. Lilikuwa la Sindano tangu tairi mpaka paa. Mabawa aliongeza bawa.

Kisha mama yake Mabawa akaujua umri wa Sindano.

"Sikuzaa mtoto wa kiume ili aje kuoa dada yake mkubwa," alisema yule mama, na hakusema kwa siri. Alisema sebuleni kwake, mbele ya Sindano, huku akimsogezea biskuti. Mabawa alikuwa ameketi pale pale. Aliangalia zulia. Wiki ile ile akamtumia Sindano ujumbe mfupi: mama amekataa, nielewe, utapata mwema kuliko mimi.

Sindano alilia, akashona, akalia tena, akaanza kupona. Na pengine angepona kabisa kama siku moja asingefungua jukwaa lile na kumkuta Nyegere amesimama katika ukumbi wa maonyesho, rangi ile ile ya udongo, macho yale yale ya taa, na nembo ya Wawili imebanduliwa. Mahali pake palisomeka Mabawa. Chini yake watu walikuwa wanapiga makofi, na mwenyewe alikuwa anawashukuru mmoja mmoja.

Kuachwa alikuwa ameshaanza kuzoea. Kuibiwa kulimkaa kooni. Ndipo akaingia upya jukwaani kwa jina la Kobe, akashindwa duru kadhaa, akajifunza, akashinda. Alipopewa kiti cha jaji aliandika masharti akimfikiria mtu mmoja tu: liletwe gari dogo, jepesi, la mtu anayependa kona kuliko sifa. Mshindi wa duru hii gari lake lingeingizwa na wenye programu katika mchezo wa kompyuta, waliendeshe watu wote, na jina la mchoraji liandikwe mlangoni. Alijua Mabawa hataweza kujizuia. Hakujizuia. Mafaili yalipofungwa, Nyegere alikuwa ndani, na hakuna aliyeweza tena kumgusa.

Swali lenyewe lilikuwa hivi:

"Ndugu Mabawa, tumemkalisha mtu wa kipimo ndani ya Nyegere na mikono yake haifiki kwenye usukani. Kiti pia kimekatwa upande wa kushoto. Gari lililopimwa kwa mwili wa mtu mmoja linaruhusiwa, mradi ueleze limepimwa kwa nani na nani aliyepima. Jibu ni moja, kabla ya jua kuzama. Likishatumwa halifutwi."

Mtu wa kipimo ni kile kikaragosi cha kijivu ambacho programu hukikalisha katika kila gari, si mrefu si mfupi, ili kuona kama binadamu wa kawaida ataweza kuliendesha. Mabawa hakuwahi kumkalisha katika Nyegere. Hakuona haja, kwa sababu gari lilikuwa zuri kwa nje. Wala hakujua jibu la swali. Duniani alilijua mtu mmoja tu, naye alikuwa amepaka wanja.

Alikuja alasiri. Sindano alisikia mlango wa gari ukifungwa, akasikia hatua zile alizozifahamu, mguu mmoja ukiburuza kidogo, na moyo wake ukaruka bila kumwomba ruhusa. Aliukasirikia.

"Shikamoo mama," Mabawa alisema kutoka mlangoni.

Mama alikata uzi. Akaangalia mshono. Akageuza kitambaa, akaangalia mshono wa pili. "Marahaba," alisema alipokosa wa tatu, na akawasha mashine.

Mabawa akasogea mpaka kwenye meza ya kukatia. Alikuwa amepungua kidogo. Shati lilikuwa limenyooka vile vile.

"Umependeza," alisema.

"Najua. Umekuja kushonewa kiti?"

"Nimekuja kukuona."

"Umeshaniona. Kingine?"

Akatabasamu lile tabasamu la kuuzia magari, likakosa mnunuzi, akalirudisha. "Nina shida ndogo. Kuna duru inaendelea kule jukwaani. Na safari hii tumepata jaji mmoja, mzee mmoja mkorofi sana, anaitwa Kobe."

"Mkorofi vipi?"

"Anauliza mambo ya ajabu. Watu wanajali injini, wanajali mbio, yeye amekomalia kiti. Kiti, jamani. Nadhani hana mke."

"Huenda," Sindano alisema, akakata ngozi taratibu. "Kiti cha gari gani?"

Mabawa akakohoa. "Cha Nyegere."

"Nyegere yupi?"

"Nyegere wetu."

"Haya. Kumbe leo amekuwa wetu."

Mashine ya mama ilipunguza kasi. Mabawa akainamia meza, akashusha sauti. "Najua nilivyokukosea. Sikuja kujitetea. Lakini nimeshawaambia watu wote kazini, bosi wangu mwenyewe anafuatilia, na gari lile ndilo linaloongoza. Nikishindwa kujibu swali la kiti nitatolewa, na watasema nimeliokota. Wewe ndiye uliyechora ndani. Niambie tu, kiti kile kilipimwa kwa nani?"

Hapo ndipo Sindano alipokuwa amekusudia kucheka. Alikuwa ameliandaa cheko lenyewe tangu asubuhi, la kumtoa mtu jasho. Lakini alipomwangalia yule kijana amemkazia macho, macho yale yale yaliyokuwa yakimsubiri jioni akifunga karakana, cheko lilimkataa. Akachukua kipande kinene cha sponji, akakiweka juu ya benchi.

"Kaa."

"Niambie tu kwa mdomo."

"Kwa mdomo wewe na mimi tumeshaambiana mengi. Kaa, ufungue faili la gari kwenye simu yako."

Akakaa. Sindano akavua utepe wa kupimia shingoni, akauweka chini ya kwapa la Mabawa, akaunyoosha mpaka kwenye vidole. Walikuwa karibu mno. Alinusa sabuni ya shati lake, akaona kovu dogo kwenye kidevu, akaliangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika kwa kazi ile.

"Umbali wa usukani. Soma ulivyoandikwa hapo."

Mabawa akasoma. Sindano akamwonyesha utepe. Namba ilikuwa ile ile.

"Una mikono mirefu," alisema. "Kikaragosi hana. Ndiyo maana hafiki."

Akapima mgongo kutoka kiunoni mpaka begani. Mabawa akasoma kwenye simu, na safari hii sauti yake ilikuwa imeshuka. Ile ile. Akapima mabega. Ile ile. Kisha akachuchumaa, akaweka kiganja chini ya paja lake la kushoto, pale ambapo paja lilikuwa halijaigusa sponji.

"Goti hili uliliumiza ukicheza mpira, na halikunjiki lote. Ukikaa kwenye kiti cha kawaida mguu unabaki hewani, na ukishuka unachechemea mpaka mlangoni kwenu. Hulalamiki, lakini mimi nilikuwa nakuona. Kwa hiyo nilikikata kiti upande huu. Watu wengi wanaanza gari kwa injini. Mimi naanza kwa anayekaa ndani, huku nje kunakuja baadaye."

Mashine ya mama ilikuwa imezimika kabisa.

"Ulinipima lini?" Mabawa aliuliza.

"Ulipokuwa unakuja kunisubiri. Si nilikuwa nakuomba ukalie viti vya wateja nijaribu sponji?"

"Ndiyo. Karibu kila siku."

"Hapakuwa na mteja, bwana."

Nje mtu alikuwa anajaribu honi ya gari, anaipiga na kuiacha.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilitaka nikwambie siku ambayo wazee wako wangekuja kwetu. Nikwambie, gari hili hakuna mwingine duniani anayeweza kuliendesha vizuri, hata mimi siwezi. Wazee hawakuja. Zikaja biskuti."

Mabawa aliufunika uso kwa viganja vyake virefu. Alipovitoa, macho yalikuwa mekundu, na Sindano, aliyemjua akidanganya na aliyemjua akisema kweli, aliona kwamba machozi yale hayakuwa ya kuuzia magari.

"Nilikuwa mjinga," alisema. Akaushika mkono wake wenye utepe. "Mama alinitafutia binti mwingine, nikamkataa. Mama mwenyewe siku hizi hanisemeshi. Kila gari ninalochora nakuwazia wewe utasema nini. Nirudishe. Nitasimama mbele ya mama, nitasema umri ni wako na uamuzi ni wangu. Nirudishe tu."

Sindano hakuutoa mkono. Alipaswa kuutoa, na mama yake alikuwa anamwangalia ili autoe, ila mkono ulikuwa na akili zake.

"Kamjibu jaji kwanza," alisema. "Jua linashuka."

"Nitaandika kila kitu."

"Kila kitu?"

"Kila kitu. Uone."

Akatoka mpaka kizingitini, akawapa mgongo, akainamia simu. Sindano alibaki amesimama na utepe. Ndani yake mambo yalikuwa yamepinduka. Usiku wa kuamkia leo alikuwa ameapa kumvua nguo mbele ya jukwaa zima, na sasa alikuwa amesimama hapa anamwombea. Akiandika ukweli, aliamua, basi. Akiandika tu kwamba kiti kilipimwa na mwanamke fulani na kwamba gari ni la mwanamke huyo, nitafunga karakana mapema na nitatoka naye, mama akasirike akitaka, na mama yake achukue biskuti zake azipeleke anakojua. Kisasi nitakimeza. Sitakufa.

"Mwanangu," mama alinong'ona. "Usiwe mjinga mara ya pili."

"Ngoja kwanza, mama."

Chini ya vipande vya ngozi, simu yake ikatetemeka.

Mabawa alisikia, akageuka, akatabasamu. "Nimeshatuma," alisema. "Roho imetulia."

Sindano aliitoa simu, akasoma. Akasoma tena, polepole, kama mtu anayetafuta kosa la mshono. Halafu akasoma kwa sauti.

"Ndugu jaji, asante kwa swali zuri. Kiti cha Nyegere nilikipima mwenyewe, kwa mwili wangu mwenyewe, kwa sababu ya goti nililoumia mpirani. Gari lote nimelichora peke yangu. Watu wengi wanaanza gari kwa injini. Mimi naanza kwa anayekaa ndani."

Rangi ilimtoka Mabawa usoni. Aliangalia simu yake, akaangalia ya Sindano, na ilimchukua muda, kwa maana akili ya mtu huwa haikubali haraka jambo la namna hiyo.

"Wewe ndiye Kobe?"

"Ndiye mimi. Kipara ndicho sina."

"Sindano, nisikilize."

"Nimekusikiliza. Umesema vizuri sana. Hata maneno yangu ya sasa hivi, hayajapoa, umeyachukua."

"Nilikuwa naogopa. Ningesema gari si langu, kazini ningeweka wapi uso? Nilitaka nishinde kwanza, halafu nikwambie, halafu tuseme pamoja. Nilifanya kwa ajili yetu."

"Usiitie yetu katika hili. Yetu uliibandua ukaandika Mabawa."

"Nifutie basi. Wewe ndiye jaji, hakuna atakayejua. Futa niandike upya."

"Jibu ni moja. Soma masharti."

Alimsogelea, akajaribu kuushika ule mkono tena, na safari hii mkono haukuwepo. Mama alikuwa amesimama na rula ya chuma. Sindano alikuwa anaandika. Hakuandika kwa hasira ya kutetemeka. Aliandika kwa hasira ile nzuri, iliyonyooka, ambayo humpa mtu herufi safi.

"Nyegere ametolewa katika duru. Aliyelileta gari hili si aliyelichora. Leo amekwenda kumwuliza mchoraji wake kiti kilipimwa kwa nani, akapewa jibu, akalituma kwa jina lake."

Akatuma. Mabawa akalisoma tangazo kwenye simu yake mwenyewe, amesimama katikati ya karakana, na chini yake majibu yakaanza kumiminika. Watu waliomwita ndugu na bingwa sasa walikuwa wanaulizana. Mmoja akaandika kwamba siku zote alishangaa bawa lile halifanani na gari. Mwingine akauliza swali ambalo wengine walilirudia: basi ni nani aliyemchora Nyegere?

Sindano alijua sharti lingine, kwa sababu na hilo lilikuwa palepale kwenye masharti ya jukwaa. Jaji aliyeshiriki kuchora gari lililoletwa hana haki ya kuhukumu, na akijulikana anaacha kiti. Alikuwa ameficha tangu siku ya kwanza kwamba Nyegere ni wake. Angeweza kunyamaza. Kobe angebaki Kobe, heshima yake yote, na Nyegere angebaki yatima.

Akaandika: "Mimi. Ninashona viti vya magari, na Nyegere ni wangu wote, isipokuwa bawa. Kiti cha jaji nakirudisha, apewe mwingine."

Alipoweka simu chini alikuwa na furaha. Hakujidanganya kwamba kisasi hakina utamu. Kilikuwa kitamu sana, na aliuachia utamu wenyewe ushuke mpaka tumboni.

Mabawa alikuwa ameshafika mlangoni. Aligeuka nusu, mkono kwenye fremu, na sauti yake ilikuwa imekwisha.

"Hivi ulitaka nijibu nini?"

Angeweza kumwacha aondoke na swali lake. Lakini Sindano alilitazama shati lile, mikono ile mirefu aliyoijua kwa kipimo, akaona kuna mahali pamoja bado hapajauma.

"Jina langu," alimwambia. "Ungeandika jina langu tu, na hilo lingetosha. Nilikuwa nimesimama hapa na funguo mfukoni, nimeshaamua nifunge mapema tutoke mimi na wewe. Ulipokuwa unaandika yale, nilikuwa nimeshakusamehe."

Alitaka neno hilo limwingie, na alisimama akaliangalia linavyoingia. Mabawa akashuka ngazi akiburuza mguu wa kushoto, akapita gari lake bila kuliona, ikabidi arudi.

Sindano akavuta kiti, akawasha mashine, akaikamata ile ngozi palepale alipoiachia. Mama yake, aliyesikia kila kitu, alirudi kwenye kifuniko chake cha basi na hakumwuliza kwa nini wanja unamtiririka.